SOMO LA MSIMU: Tununue Dawa ya Magugu Pamoja, Lakini Tusigawane kwa Chupa



Ndugu zetu wa makazi ya Kiryandongo wametuuliza swali ambalo hata sisi huku mpakani tumelijadili kwa misimu mingi. Je, ni vizuri majirani kuchanga fedha na kununua jerikeni moja kubwa ya dawa ya kuua magugu, ile kali isiyochanganywa na maji, kisha wagawane, badala ya kila nyumba kununua kichupa chake kwa bei ya juu?

Jibu letu ni fupi. Kununua pamoja, ndiyo. Kugawana kwa chupa, hapana. Somo hili linaeleza kwa nini tunasema hivyo, na njia mbili tunazotumia sasa ili tuokoe fedha bila kuhatarisha watoto wetu wala kuvunja ujirani wetu.

Kabla ya kuendelea, someni 2 Wafalme 4:38-41. Wakati huo palikuwa na njaa. Mtu mmoja alitoka kwenda kuchuma mboga, akakuta matango ya mwituni, akajaza nguo yake na kuyakatia ndani ya chungu cha watu wote. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kusaidia. Kosa lake ni kwamba alileta kwenye chungu cha jamaa kitu asichokijua. Tuliposoma habari hiyo pamoja tulijiona sisi wenyewe, na mtaona sababu.

1. TULIVYOANZA VIBAYA

Kwapa ni gombolola ya Wilaya ya Tororo, upande wa mashariki, inayopakana na Kenya. Wenyeji wake wengi ni Wateso, na Wateso wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 kule Kenya, maelfu ya watu walivuka kwa Busia na Malaba. Wengine wetu tulikaa katika kambi ya muda ya Mulanda, na kutoka hapo familia nyingi zikapelekwa Kiryandongo. Wengine tulibaki karibu na mpaka, kwa jamaa na marafiki, tukakodi mashamba.

Mtu anayekodi shamba hana siku ya kupoteza. Kodi hulipwa kwa msimu, na mvua za Machi zikianza hazimngoji mtu. Adui wetu mkubwa ni sangari, ile nyasi ya kutambaa ambayo Waganda huiita lumbugu. Ukiilima kwa jembe unaikata vipande, na kila kipande kilichobaki udongoni kinachipua upya. Mama aliye peke yake na watoto, asiye na ng'ombe wa kulimia wala fedha za kuwalipa vibarua wa leja leja, anaweza kupanda akiwa amechelewa wiki tatu. Kwa hiyo dawa ya magugu ilipoanza kupatikana madukani, tuliipokea kwa furaha.

Msimu mmoja familia kumi tulichanga. Tulinunua jerikeni ya lita 20, kila nyumba ikawa na fungu la lita 2. Tuligawana uani kwa mmoja wetu, jioni, kwa kikombe cha plastiki. Kila mtu alikuja na chupa yake. Huyu chupa ya soda, yule ya maji, mwingine ya mafuta ya kupikia. Hakuna aliyeandika kitu juu ya chupa. Tulikwenda nyumbani tukihesabu fedha tulizookoa.

Mambo matatu yalifuata.

La kwanza, mtoto wa miaka minne aliikuta chupa ya soda chini ya kitanda. Alikunywa kidogo, akatapika, akalia kwamba koo linawaka. Baba yake alimbeba kwa pikipiki usiku mpaka hospitali. Mganga aliuliza, "Amekunywa dawa gani?" Baba hakuwa na jibu, kwa sababu lebo ilikuwa imebaki kwenye jerikeni, na jerikeni ilikuwa nyumba nyingine. Mtoto alipona, na tunamshukuru Mungu mpaka leo. Lakini ile saa moja ya kutafuta jina la dawa hatutaisahau.

La pili, mashamba hayakufanana. Katika mengine magugu yalikauka hadi chini. Katika mengine yaligeuka manjano tu, kisha yakarudi kuwa kijani. Maneno yakaanza. Fulani alipewa maji. Fulani alichota mwanzo akapata iliyo kali. Aliyegawa alishukiwa kuwa mwizi, naye alikuwa mtu mwaminifu. Watu wawili waliacha kusalimiana.

La tatu lilikuwa ile jerikeni tupu. Sisi sote tuliohama tunajua thamani ya jerikeni. Wiki moja baadaye tuliiona kwenye foleni ya kisima, imeoshwa kwa sabuni, ikijazwa maji ya kunywa.

Hapo ndipo tulipoketi na kujifunza upya.

2. DAWA HII NI NINI?

Dawa inayonunuliwa zaidi kwa kusafisha shamba kabla ya kupanda ina kiungo kiitwacho glaifoseti. Ilianza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup, na siku hizi inauzwa kwa majina mengi sana. Kwa hiyo msitazame jina kubwa la mbele peke yake. Tazameni maandishi madogo yanayotaja kiungo na kiasi chake.

Glaifoseti huingia kwa majani mabichi, ikashuka mpaka mizizini. Ndiyo sababu inaweza kuiua sangari ambayo jembe haliimalizi. Haichagui. Ikigusa mahindi, maharage au muhogo uliokwisha kuota, inaua vilevile. Ikianguka udongoni hushikwa na udongo, kwa hiyo haizuii mbegu za magugu kuota baadaye. Na kwa kayongo, ile striga inayonyonya mtama na mahindi, kupulizia kabla ya kupanda hakusaidii, maana kayongo huota baada ya mizizi ya zao lenyewe kuamka.

Je, ina madhara kwa mtu? Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Wakaguzi wengine, kama wale wa serikali ya Marekani, hawakukubaliana nao. Sisi wakulima hatuwezi kuumaliza ubishi huo, lakini jambo moja halina ubishi: dawa kali isiyochanganywa ikinywewa kwa wingi inaweza kuua, na ikiingia machoni inaumiza.

Kuna nyingine iitwayo parakwati. Hiyo ni hatari zaidi mara nyingi. Funda moja tu linaweza kumwua mtu mzima kwa kuharibu mapafu, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu yake mwilini. Umoja wa Ulaya uliizuia mwaka 2007. Kikundi chetu kimeamua kutoinunua hata ikiwa rahisi, na tunawashauri nanyi mfanye hivyo.

3. HESABU YA KWELI

Kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli kwamba wingi hupunguza bei. Tufanye hesabu ya mfano, kwa maana bei hubadilika kila msimu. Tuseme chupa ya lita 1 ni shilingi 20,000 za Uganda, na jerikeni ya lita 20 ni shilingi 320,000. Katika jerikeni, lita moja inakuwa shilingi 16,000. Umeokoa shilingi 4,000 kwa kila lita. Kwa familia inayohesabu kila mia, si kidogo.

Lakini ulizeni swali la pili: tunahitaji lita ngapi? Tuseme lebo inasema lita 2.5 kwa hekta. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo ni kama lita 1 kwa ekari. Sisi tulikuwa familia kumi, na wengi wetu tulikuwa na ekari moja tu. Tulihitaji lita 10, tukanunua 20. Nusu ya dawa ililala chini ya vitanda vyetu, na ile chupa aliyoikuta mtoto ilikuwa katika nusu hiyo. Tuliokoa shilingi 4,000 kwa lita tuliyoihitaji, tukatupa shilingi 16,000 kwa lita tusiyoihitaji. Hiyo haikuwa akiba.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: hesabuni ekari kwanza, ndipo mhesabu lita. Mkihitaji lita 10, nunueni jerikeni mbili za lita 5. Msivutwe na jerikeni kubwa kwa sababu ya bei yake.

Linganisheni pia nguvu. Lebo moja inaweza kuandika gramu 360 kwa lita, na nyingine gramu 480. Mara nyingi ni nguvu ile ile: 360 ni hesabu ya glaifoseti yenyewe, na 480 ni hesabu ya glaifoseti pamoja na chumvi iliyofungwa nayo. Mkiona tarakimu kubwa msilipe zaidi kabla ya kuuliza ni hesabu ya nini.

4. JE, NI DAWA YA KWELI?

Wengi husema dawa nyingi sokoni ni bandia. Watafiti walinunua chupa za glaifoseti katika masoko 120 ya Uganda na kuzipima, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2019. Kwa wastani chupa ilipungukiwa asilimia 15 ya kiungo kilichoandikwa kwenye lebo. Na katika kila chupa 100, chupa 31 zilikuwa na chini ya robo tatu ya nguvu iliyoandikwa. Tunapoona shamba limegeuka manjano kisha likarudi kijani, basi, tusikimbilie kumshuku jirani aliyetugawia. Huenda sote tuliibiwa dukani.

Hapa kununua pamoja kuna faida kubwa kuliko bei. Mtu mmoja mwenye fedha za kichupa kimoja hana sauti mbele ya muuzaji. Watu kumi wanaonunua msimu baada ya msimu wanasikilizwa. Fanyeni hivi:

(a) Nunueni katika duka la kudumu, si kwa mtu wa mkokoteni au wa siku ya soko. Sheria ya Uganda inataka dawa za kilimo zisajiliwe na wauzaji wake wawe wameandikishwa.

(b) Dai risiti yenye jina la dawa, tarehe na namba ya toleo iliyo kwenye lebo. Muuzaji mwenye dawa ya kweli haogopi kuandika.

(c) Kagua kizibo. Kama kimefunguliwa, au lebo imebandikwa juu ya lebo, rudisha.

(d) Msivushe dawa kwa njia za panya kutoka ng'ambo. Tunajua Kenya iko karibu kuliko duka, na tunajua bei huwa tofauti. Lakini dawa iliyosajiliwa Kenya haihesabiwi kuwa imesajiliwa Uganda, na mtu aliye ugenini akikamatwa na jerikeni isiyo na karatasi, akiba yake yote inaisha siku hiyo.

(e) Jaribuni kwanza. Tukinunua, tunapulizia kipande kidogo na kungoja siku 10 hadi 14 kabla ya kupulizia mashamba yote. Kikishindwa, tunarudi dukani na risiti. Anayengoja mpaka mvua ianze hana nafasi ya kujaribu, kwa hiyo changeni mapema.

5. NJIA MBILI ZA KUSHIRIKIANA

Njia ya kwanza: katoni. Maduka ya jumla huuza chupa za lita 1 kwa katoni, mara nyingi chupa 12. Bei ya chupa moja ndani ya katoni huwa chini ya bei ya rejareja, ingawa haishuki kama ya jerikeni. Kila familia inachukua chupa iliyofungwa kiwandani, yenye lebo yake na kizibo chake. Hakuna kikombe, hakuna kumimina, hakuna wa kushukiwa. Kwa familia zisizoishi karibu, hii ndiyo njia tunayoisifu.

Njia ya pili: jerikeni moja, pampu moja, watu wawili. Katika njia hii dawa haigawanywi kabisa. Kinachogawanywa ni kazi. Kikundi kinachagua watu wawili, wanafundishwa na afisa kilimo au na mtu aliyezoea, nao ndio wanaopulizia mashamba ya wote kwa zamu. Jerikeni inatoka stoo asubuhi, inakwenda shambani, dawa inapimwa mbele ya mwenye shamba na kuingia moja kwa moja ndani ya pampu. Jioni jerikeni inarudi stoo. Hakuna tone linalolala katika nyumba ya mtu. Kikundi kinanunua pia jozi mbili za buti za mpira, glavu na barakoa, vitu ambavyo familia moja isingeweza kununua peke yake.

Ndugu wengine waliuliza, "Je, tukiandika jina juu ya chupa ya soda, si inatosha?" Haitoshi. Mtoto wa miaka minne hajui kusoma. Anajua tu kwamba chupa ya soda ina soda.

Kuhusu stoo, someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye nyumba anaagizwa ajenge ukingo juu ya dari yake ili mtu asianguke. Hakuna anayemsukuma mgeni, lakini mwenye nyumba anahesabiwa kwa sababu hakuweka ukingo. Kwa dawa, ukingo ni sanduku lenye kufuli, lililoinuliwa mbali na chakula, mbegu na mahali pa kulala. Kama hakuna nyumba yenye nafasi hiyo, njia ya pili haiwafai. Tumieni katoni, na kila mtu amalize chupa yake siku ile ile.

Tukumbuke jambo lingine ambalo si rahisi kulitaja. Watu waliohama hubeba huzuni nyingi, na kuna siku ambazo mtu huona hana njia. Sumu iliyo karibu na mkono katika saa kama hiyo inaweza kuondoa uhai ambao kesho yake ungeokolewa. Kufuli ni ulinzi kwa watu wazima pia. Na ukimwona jirani amenyamaza sana, mtembelee.

6. DAFTARI NA KIPIMO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu lina mistari mitano tu: nani alichanga na kiasi gani, tulinunua nini, wapi, kwa bei gani, shamba la nani lilipuliziwa siku gani, mililita ngapi zilitumika, kiasi gani kimebaki. Mwenye shamba anaweka sahihi au dole gumba. Mtunza fedha na mtunza ufunguo ni watu wawili tofauti. Tangu tuanze hivi hatujasikia tena neno "mwizi".

Kipimo kiwe kimoja kwa wote, chenye alama za mililita, wala kisitumike jikoni. Mambo ya Walawi 19:35-36 inadai kipimo cha haki kwa vitu vya kupima na kumimina, na haitofautishi nafaka na dawa. Kifuniko cha chupa si kipimo, kwa kuwa vifuniko havilingani.

Ili kujua kiasi cha kuweka kwenye pampu, fanyeni jaribio hili kwa maji matupu. Pimeni mraba wa mita 10 kwa 10. Weka lita 10 za maji kwenye pampu, tembea kwa mwendo wako wa kawaida ukipulizia mraba wote, kisha pima yaliyobaki. Ekari moja ni kama miraba 40 ya namna hiyo. Kama ulitumia lita 2 kwa mraba, ekari itatumia lita 80, yaani pampu 4 za lita 20. Kama lebo inasema lita 1 ya dawa kwa ekari, gawa mililita 1,000 kwa 4: kila pampu itaingia mililita 250. Mtu mwenye mwendo wa pole atapata hesabu nyingine, kwa hiyo kila mpulizaji ajipime mwenyewe. Lebo ikisema tofauti na mfano wetu, fuateni lebo.

7. SHAMBANI

Tumieni maji safi. Maji ya tope hupunguza nguvu ya dawa, kwa sababu udongo uliomo unaishika. Wengi wetu tulichota maji ya kahawia ya mtoni kisha tukailaumu dawa.

Jaza pampu nusu kwa maji, weka dawa, kisha ongeza maji mpaka ijae. Msichanganye wala kuhifadhi mchanganyiko katika ndoo au tangi la bati.

Pulizieni magugu yakiwa mabichi na yanakua. Msiyafyeke siku mbili kabla, maana dawa huingia kwa majani. Chagueni asubuhi isiyo na upepo, umande ukiwa umekauka, na mvua isitarajiwe kwa saa 6 au zaidi. Baada ya hapo, msilime mpaka dawa ifike mizizini. Kwa sangari ngojeni kama wiki mbili.

Upepo ukihamisha dawa hadi kwenye maharage ya jirani, kikundi kinalipa. Tumeandika hivyo katika kanuni zetu. Sisi ni wapangaji na wageni, na mwenyeji aliyetupa shamba asije akajuta.

Watoto na akina mama wajawazito wasipulizie wala wasisimame karibu. Mpulizaji avae mikono mirefu, buti na glavu, asile wala kuvuta sigara kazini, na asizibue pua ya pampu kwa mdomo. Akimaliza aoge kwa sabuni, na nguo zake zifuliwe peke yake. Dawa isisafirishwe kwenye bodaboda moja na unga au mkate.

Na jerikeni tupu? Isukutweni kwa maji safi mara tatu, kila mara mkimimina maji hayo ndani ya pampu yaende shambani. Kisha itoboeni mbele ya wanakikundi wawili. Tunajua inauma kutoboa jerikeni nzima wakati nyumba ina jerikeni moja tu ya maji. Itoboeni hata hivyo. Sabuni haiitoi dawa iliyoingia kwenye plastiki.

8. AJALI IKITOKEA

Ikimwagika mwilini, vua nguo na osha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, mimina maji safi taratibu kwa dakika 15. Ikinywewa, usimtapishe mtu kwa nguvu, wala usimpe mafuta au maji ya chumvi. Mkimbize hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, na uende na chupa au lebo. Sisi tumenakili jina la dawa na kiungo chake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, ili yule baba asipate kuulizwa tena swali asilolijua.

9. NANI HAHITAJI DAWA?

Familia yenye kiwanja cha futi 50 kwa 100 karibu na nyumba haihitaji dawa ya magugu. Hiyo ni kama sehemu ya tisa ya ekari. Watu wanne wenye majembe wanaimaliza kwa asubuhi moja au mbili. Kwao tunashauri kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Sangari ikichimbuliwa kwa uma wa shamba na mizizi yake kuanikwa juani, hufa. Hata sisi wenye ekari tunatumia dawa mara moja kabla ya kupanda, na palizi tunafanya kwa mkono. Dawa ni kwa lile eneo ambalo mikono haiwezi kulifikia kabla ya mvua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Mtu wa chunguni alikosa wapi, naye alikuwa na nia njema? Sisi tunaleta nini majumbani mwetu tusichokijua?
2. Jumlisheni ekari za kikundi chenu. Mnahitaji lita ngapi kwa kweli?
3. Kati ya njia ya katoni na njia ya pampu moja, ipi inawafaa, na kwa nini?
4. Nani atatunza daftari, na nani atatunza ufunguo?
5. Je, kuna chupa ya soda yenye dawa nyumbani kwako leo? Kabla ya kulala, iondoe mahali watoto wanapofika, andika kilichomo, na mwombe afisa kilimo ushauri wa kuimaliza shambani au kuitupa kwa usalama.

Yule mtoto wa miaka minne sasa anasoma shule, na anapita kwetu kila asubuhi akiwa na begi mgongoni. Tukimwona tunakumbuka kwamba shilingi tulizookoa mwaka ule hatukumbuki hata tulizifanyia nini.

Tunawatakia msimu mwema wa kupanda. Ndugu zenu wa Kwapa.